Viti vya Mninga na Wageni wa Posa

Familia iliyokuwa ikihama Dar es Salaam ilituuzia viti sita vya meza ya chakula, mninga mtupu, kwa bei ambayo kwa mafundi samani wa Keko usingepata hata viwili. Tulivileta kwa kirikuu, na jioni hiyohiyo ubishi ukaanza. Mama mkwe alitaka vipakwe rangi nyeupe, shemeji akang'ang'ania vanishi. Mimi nilimwona kitinda mimba wetu juu ya kimoja, kinayumba naye huku na huku, nikasema hakuna brashi itakayogusa viti hivi kabla havijafunguliwa.

Hilo bado nalishikilia. Kiti cha kulia huchoka kwenye maungio. Mtu akishiba huegemea nyuma, miguu ya mbele huinuka, na uzito wote huangukia pale mbao za ubavuni zinapoingia kwenye mguu wa nyuma. Ulimi wa mbao hulegea ndani ya tundu lake mwaka hadi mwaka. Ukipaka vanishi juu ya ulegevu huo, umepamba kitu kitakachomwangusha mgeni.

Na wageni walikuwa njiani: watu wa posa ya wifi yangu, Jumamosi iliyofuata. Shemeji akakubali shingo upande.

Tukaanza kubandua vitambaa. Kwenye pindo la sponji moja kulikuwa na madoa meusi kama nukta za kalamu, na kando yake kunguni, ameshiba. Mama mkwe alipiga ukelele majirani wakatoka nje. Muda si muda viti vyote vilikuwa uani, sponji na vitambaa vikiteketea, nasi tukimimina maji yanayochemka kwenye kila ufa. Dawa ya kupuliza haifiki kote, na mayai mengi hunusurika. Joto kali huua kunguni na mayai yake.

Maji yale yalifanya na kazi nyingine. Fundi wa zamani alitumia gundi inayopikwa kwa ngozi na mifupa, ambayo hulainika kwa joto na unyevu. Kwa kugonga kidogo tu na nyundo ya mbao, viti vikaachia vyenyewe. Shemeji akaandika namba kwa chaki kwenye kila kipande. Usiku ikanyesha mvua ya masika, chaki ikafutika yote, na asubuhi tukakuta miguu ishirini na minne isiyo na mwenyewe.

Viti vilivyochongwa kwa mkono havibadilishani miguu. Kila ulimi una tundu lake, na tulikaa barazani kujaribu kimoja kimoja mpaka mikono ikauma. Mbao nazo zilikuwa zimelowa, na gundi nyeupe haishiki vizuri mbao mbichi.

"Tutawakalisha wapi watu wa posa?" mama mkwe akauliza.

"Mkekani, mama."

Alinyamaza, kisha akaenda kutoa mikeka yake mizuri. Wazee walikaa, wakala pilau, posa ikapokelewa.

Mbao zilipokauka tukakwangua gundi kuukuu kwa patasi hadi mbao safi ionekane, maana gundi nyeupe haishiki vizuri juu ya ile ya zamani. Tukagundisha, tukafunga kila kiti kwa mpira wa ndani wa baiskeli uliovutwa barabara, tukaviacha usiku kucha. Kisha msasa namba 80, 120, na 220 mwishoni, tukifuata nyuzi za mbao. Vanishi ilisubiri siku kavu, na rangi ile nyekundu ya mninga ilipotokeza, mama mkwe hakuitaja tena nyeupe.

Nawe ukivikuta viti vya mtumba, pindua kimoja, shika mguu wa nyuma na mbao ya ubavuni, utikise. Mulika mishono kwa tochi. Kama ni mninga na kinayumba tu, lipa ukichukue. Ila sponji iache hukohuko.