Vidonge Ndani ya Chungu cha Mrehani

Paka alikwisha kuruka dirisha na kichwa cha changu mdomoni, na Mama yuko nyuma yake na mwiko. Sakafu ya uani, karibu na pipa la maji, ilikuwa imetoka kudekiwa. Mama hakuanguka kutoka juu ya kitu chochote. Aliteleza tu, akajishikilia kwa kiganja cha kulia, tukasikia mlio mdogo kama wa kijiti kikavu. Paka akaenda zake na kitoweo, sisi tukampeleka Mama hospitali.

Kifundo cha mkono kilivunjika. Alifungwa hogo, na mimi nilidhani habari imeishia hapo, kwani nani asiyeteleza? Lakini daktari wa mifupa hakuturuhusu kuondoka. Alitaka kujua hedhi ilikoma lini. Mama akainama kidogo kwa haya, akasema akiwa na miaka 41, baada ya upasuaji wa kutolewa kizazi pamoja na mifuko ya mayai. Akauliza dawa anazotumia. Nikataja vile vidonge vidogo vyeupe vya prednisolone ambavyo Mama amekuwa akijinunulia duka la dawa kila pumu inapombana, mwaka hadi mwaka, bila kuandikiwa na mtu. Akauliza kama kimo chake kimepungua. Mama akasema hapana. Mimi nikakumbuka magauni. Mara mbili ndani ya miaka michache tulimpelekea fundi cherehani akayapunguza pindo, tukalaumu kitambaa kwamba kinavutika. Kumbe gauni ni lilelile, aliyefupika ni Mama.

Mifupa ya mgongo ilikuwa inashuka taratibu ndani ya nyumba yetu, hapa hapa Ngamiani, Tanga, na sisi tunaishonea pindo.

Majirani waliokuja kumpa pole walisema, "Aa, mifupa imesagika, umri huo." Nilijifunza baadaye kuwa hayo ni mambo mawili. Kusagika ni kwa maungio, pale gegedu linapolika na goti likauma kila hatua. Huu wa Mama ni ugonjwa wa mfupa wenyewe, osteoporosisi, nao hauumi mpaka siku mfupa unapokatika. Daktari alitueleza kwamba mfupa kwa ndani una vijitundu kama mkate wa kumimina. Ndani yake kuna chembe zinazobomoa mfupa mkuukuu na chembe zinazojenga mpya, kazi isiyokoma maisha yote. Hedhi ikikoma, wabomoaji huwazidi mafundi. Mtu akiongeza prednisolone ya miaka, mafundi nao huchoka. Vijitundu vinapanuka, kuta zinakuwa nyembamba. Aliandika mpango wa kumhamishia Mama kwenye inhela na kuipunguza prednisolone kidogo kidogo, akatuonya kwamba ukiikata ghafla dawa hiyo baada ya muda mrefu, mwili unaweza kuishiwa nguvu vibaya.

Tulisafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam kwa kipimo cha mifupa, Mama na hogo lake juu ya mto. Mashine ilipita juu yake dakika chache tu. Jibu la mgongo lilikuwa kutoa 3.1. Kipimo hicho kinalinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya, na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 liliweka mstari kwenye kutoa 2.5. Mama alikuwa chini ya mstari.

Akaandikiwa alendroneti, miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki. Hapo ndipo nyumba ilipogeuka baraza.

Mdogo wangu ndiye aliyeikunjua ile karatasi ya ndani ya boksi. Alisoma kwa sauti sebuleni, baada ya isha, Mama akiwa kwenye kiti chake anachambua kunde. Vidonda vya umio. Mfupa wa taya kufa. Paja kuvunjika. Kila alipofika kwenye neno zito alisimama, na sisi tukashusha pumzi. Kaka yetu aliyeko Muscat alipiga simu akasema ameulizia huko, kuna sindano ya denosumabu, mara mbili tu kwa mwaka, atamkabidhi mtu anayekuja. Mjomba akatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne kuhusu mtu fulani aliyeoza taya; sikupata kujua mtu huyo alikuwa na saratani au la, ingawa tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa kuwa wagonjwa wa saratani hupewa dawa za jamii hii kwa vipimo vikubwa na mara nyingi zaidi. Wifi akasema tuachane na vyote, tumlishe dagaa, maziwa na ufuta. Tulibishana mpaka saa tano usiku. Mama alimaliza kunde zake, akasema "Laleni salama," akaingia chumbani.

Nalitaja hili kwa uchungu: usiku ule hakuna aliyemuuliza Mama chochote.

Wiki ya kwanza kidonge kilipita vizuri. Wiki ya pili nilikuwa kazini. Mama aliswali alfajiri, akameza kidonge chake kwa chai ya maziwa na tangawizi, kama anavyomeza kila kidonge tangu nimjue, kisha akajilaza. Kila sharti lilivunjwa kwa pamoja. Kidonge hiki kinataka tumbo tupu, bilauri nzima ya maji matupu, na mtu akae wima au atembee nusu saa bila kula, bila kunywa kingine na bila kulala. Maziwa yanakishika, dawa isiingie mwilini, na hata ukimeza kwa usahihi kinachoingia ni kidogo sana, chini ya asilimia moja. Na ukilala, kinaweza kukwama kwenye umio na kuuchoma. Siku tatu alilalamika kwamba kifua kinamwaka. Alipokuwa akimeza ugali, niliona jicho lake likifumba.

Tukaweka utaratibu. Kidonge baada ya swala, ili asiiname wala kusujudu kikiwa bado njiani. Mjukuu wa miaka saba akapewa saa ya mezani na kazi ya kumlinda Bibi kwa dakika 30. Kila Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri ungemkuta mtoto kwenye mkeka, macho mazito, akitangaza, "Bibi, bado kumi na mbili." Nilifurahi. Niliandika kwenye daftari: kimemezwa, kimemezwa, kimemezwa.

Kisha ikafika harusi ya jirani, nikaenda kuchuma mrehani wa kikuba. Mrehani wa Mama uko kwenye chungu kikubwa kando ya mlango wake, naye huumwagilia kwa mkono wake mwenyewe. Nilipovuta shina moja likatoka na mizizi, na katikati ya mizizi kulikuwa na kitu cheupe. Nikachimba kwa kidole. Vitatu vilikuwa bado na umbo, na vingine vimekwisha kulainika vikabaki kama chokaa iliyokanyagwa. Kumbe kila Jumatatu mtoto akienda kuchota maji, kidonge kilikuwa kinatoka kwenye ngumi ya Mama kinaingia kwenye udongo. Kisha mwanamke yule mkweli, aliyetulea kwa ukweli, alikuwa anakunywa bilauri nzima ya maji na kukaa wima nusu saa.

Nilimwita mdogo wangu. Tulikwenda kwa Mama, vile vidonge viko kwenye kiganja changu, na nilikwisha kuandaa maneno makali. Alivitazama, akasogeza ungo pembeni.

"Kifua bado kinaniwaka, mwanangu," alisema. "Nilijua nikisema mtaniambia mkaidi. Nyie mmesoma karatasi usiku kucha, mara taya, mara paja. Mimi taya siliogopi. Mnajua ninachokiogopa? Kitanda cha dada yangu."

Mama Mkubwa alivunjika nyonga Pangani, akitoka msalani. Hakutembea tena. Aligeuzwa kwa shuka miezi kumi na nne mpaka tukamzika. Katika baraza letu lote, kwa dawa zote tulizozitia kwenye mizani, hakuna aliyemtaja. Tulikuwa tumepima madhara ya kumeza tu. Madhara ya kutomeza hayakuwa na karatasi ndani ya boksi, kwa hiyo hayakusomwa, na aliyeyaona kwa macho yake ndiye pekee tuliyemwacha achambue kunde.

Safari hii alikwenda kwa daktari akiwa na maswali yake mwenyewe, aliyoyakariri njiani. Alimsalimia daktari, "Hujambo mwanangu," akakaa, akaanza: "Kinachoniunguza nikiache?" Daktari akasema ndiyo, kwa mtu mwenye kiungulia kisichokoma na maumivu ya kumeza, kidonge hicho si chake tena. Akatofautisha maudhi na madhara, jambo ambalo lingetufaa sana ule usiku wa karatasi. Maudhi ni yale ya kuvumilika na kupita, kama homa au maungo kuuma. Madhara ni yale ya kukuachia alama, na hayo lazima uyajue kwa ukubwa wake na kwa uchache wake.

Sindano ya Muscat Mama aliiulizia kwa heshima ya mwanawe. Daktari alisema ni dawa nzuri, lakini haitaki kucheleweshwa. Ukiikosa zamu, wabomoaji waliokuwa wamezuiwa hurudi kwa kishindo, na wapo waliovunjika pingili kadhaa za mgongo ndani ya miezi baada ya kuiacha bila dawa nyingine ya kuipokea. Nayo hukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Mama akafikiria begi la msafiri, joto la uwanja wa ndege, na mwaka ambao kaka huenda asiwe na kazi. "Sitaki dawa inayotegemea mtu apate tiketi," alisema. Ile ya kujenga mfupa, teriparataidi, ni sindano ya kila siku kwa kipindi kisichozidi kwa kawaida miaka miwili, na bei yake ilimaliza mazungumzo.

Ikabaki dripu ya zoledroneti, miligramu 5, mara moja kwa mwaka. Daktari alitupa hesabu ya utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2007, wa wanawake zaidi ya 7,000 kwa miaka mitatu. Jioni ile Mama aliipanga hesabu hiyo kwa kunde juu ya ungo. Kwa kila wanawake 100 waliowekewa dripu isiyo na dawa, karibu 11 walivunjika pingili za mgongo. Kwa kila 100 waliopata dawa, kama 3. Alizitazama kunde nane zilizobaki pembeni muda mrefu. Mdogo wangu akauliza, na taya je? Kwa vipimo vya ugonjwa huu, inakadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 10,000 kwa mwaka, au wachache zaidi ya hapo. Kunde zote za kwenye kopo zisingetosha kumtafuta huyo mmoja. Paja kuvunjika kwa namna isiyo ya kawaida nako ni nadra, huongezeka dawa ikitumika miaka mingi, na mara nyingi hutanguliwa na maumivu ya paja au kinena. Kuhusu moyo, daktari hakuficha: katika utafiti ule, mapigo kwenda mrama kiasi cha kuwa hatari yaliwapata wengi kidogo katika kundi la dawa, kama 13 kwa kila 1,000 dhidi ya 5. Ndiyo maana alimpima moyo kwanza.

Figo pia zilipimwa, kwani zikiwa dhaifu sana dripu hii haifai. Gego bovu aliloliacha miaka mingi liling'olewa na kidonda kikasubiriwa kipone, maana kung'oa jino baada ya dawa ndiko mara nyingi kunakoleta lile tatizo la taya. Wiki za kusubiri Mama alimeza kalsiamu na vitamini D, kwa sababu dawa ikiingia mwilini huku kalsiamu iko chini, kalsiamu hushuka zaidi. Na dagaa wa wifi waliliwa, na maziwa, na ufuta. Wifi hakuwa amekosea kuhusu chakula, ila chakula peke yake hakitoshi kwa mfupa uliofika kutoa 3.1.

Dripu yenyewe ilikuwa robo saa. Tulirudi nyumbani tukiwa wepesi. Usiku wa manane Mama akaanza kutetemeka, mwili moto, mifupa inauma kote. Tulijua. Tuliambiwa kuwa karibu mtu mmoja kati ya watatu hupata hali hiyo dripu ya kwanza, na dripu ya pili huwa nafuu zaidi. Hata hivyo, kujua saa nne asubuhi mbele ya daktari ni kitu kimoja, na kumfunika mama yako kanga ya tatu saa nane za usiku ni kitu kingine. Mdogo wangu alilia. Mimi nilimpa panadol na maji mengi, na kulipopambazuka tukampima malaria, kwani hii ni Tanga na homa si ya kubahatishwa. Hakuwa nayo. Siku ya tatu aliamka kabla yetu, tukamsikia uani akiuliza ni nani aliyemwaga maji karibu na pipa.

Sakafu hiyo tumeikwangua na kuitia saruji yenye mikwaruzo, na msalani kuna bomba la kujishikia ukutani.

Siku hiyo ya tatu Mama alimwita mlinzi wake mwenye saa ya mezani, akamwambia alete kalamu na aandike kwenye kalenda ya jikoni, kwenye ukurasa wa mwisho, kwa kuwa mwaka ujao ulikuwa bado haujachapishwa. Mtoto akaandika kwa herufi kubwa: DRIPU YA BIBI. Mama akafikiri kidogo, akamwambia aongeze mstari mwingine chini yake, naye akauandika polepole huku Bibi akimtajia neno kwa neno: PAJA LIKIUMA NITASEMA.