Kamera ya Familia, Palma
Kamera ya video ifaayo familia ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ni yenye lenzi ya kuvuta mbali, wala hiyo si anasa: tangu Novemba 2022 gesi ya bahari ya hapo hupakiwa melini kwenye mtambo wa Coral Sul, huko nje, na watoto wana haki ya kumwona jirani yao tajiri. Iwe nyepesi pia, kwani shambulio la Machi 2021 lilithibitisha kwamba mji mzima huweza kuhama kwa miguu, na kitanda hakibebeki. Watakuwapo wa kuuliza betri ichajiwe wapi. Hoja dhaifu! Aliyekaa ukingoni mwa gesi nyingi namna hiyo kuulizia umeme ni kama samaki kuulizia maji. Kipaza sauti kisiwashughulishe. Ahadi husikika vizuri bila chombo. Chagueni tu inayorekodi gizani.