Kabla ya Kuitia Transfoma kwenye Mizani

Mnunuzi wa vyuma chakavu akiingia kijijini Mtunda na mizani yake, ficha sabufa yako mbovu. Ataona shaba tu, akutajie bei ya kilo. Muage kwa heshima, aende zake. Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji wetu huuhuu, hupandishwa na transfoma hadi kilovolti 400 ndipo usafirishwe kwenda Chalinze. Mdogo wake anayekaa ndani ya sabufa hapaswi kuuzwa kwa uzito.

Chomoa waya ukutani, fungua sabufa. Ule mzigo mzito wa mabati yaliyobanana kama kurasa za daftari ndio transfoma. Spika huchanika na saketi huungua, lakini yeye mara nyingi hubaki mzima.

Mpime. Weka mita kwenye omu: upande wa volti 230 una waya mwembamba wenye mizunguko mingi, kwa hiyo husoma omu nyingi, upande wa pili husoma chache mno. Kisha mwashe kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyoungwa kwa mfululizo, mikono ikiwa mbali. Balbu iking'aa kwa nguvu zote ilhali hana mzigo, koili zimeshikana. Huyo sasa mwitie mwenye mizani.

Betri ya sola usimuungie. Umeme wake haubadiliki mwelekeo, hivyo upande wa pili hautatoa kitu na koili itachemka bure.

Akitoa volti 12, mpe dayodi nne na kapasita ya volti 25, kwa sababu baada ya kunyooshwa umeme hupanda hadi 15 au 16. Hapo ndipo wanaomcheka kwa uzito watanyamaza: chaja nyepesi hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na mkwaruzo wake huvamia masafa ya kati na mafupi. Transfoma ya chuma haina kelele hiyo, na redio husikika safi.

Mwenye leseni ya redio ya ridhaa ya TCRA na alama ya wito inayoanza na 5H asiishie hapo. Transfoma ya mizunguko 2 kwa 14 juu ya pete ya feraiti hugeuza omu 2,450 za ncha ya waya wa antena kuwa 50 zinazotakiwa na redio, maana uwiano wa mizunguko, 7, hujizidisha wenyewe ukawa 49. Waya wa mita 20 hivi kati ya minazi miwili unatosha kwa bendi ya mita 40.

Ya kwenye nguzo usiiguse kabisa. Ina volti elfu 11 au 33, na mafuta yake si ya kukaangia chipsi. Ya sabufa mpelekee fundi redio wa kijijini leo, kabla mizani haijarudi.