Uyoga wa Wifi

Mvua za masika zilipokolea hapa kwetu Bongwe, pwani, wifi yangu aliingia jikoni na leso aliyoifunga fundo. Akaifungua: uyoga mweupe wa matawi matawi, mfano wa matumbawe. "Wisoli!" akasema, uso umemng'aa. Kwao ni Iringa, na huko wisoli ni kitoweo cha tangu enzi za mababu.

Jiko likachangamka. Nazi ikakunwa, tui zito likawekwa kando, vitunguu vikaanza kuiva. Mama akatoka kuswali, akachungulia sufuria.

"Huu mmeutoa wapi?"

"Nyuma ya nyumba, Mama. Chini ya mikanju."

Mama akaiepua sufuria papo hapo.

Nyumba ikagawanyika. Kaka akaleta kijiko cha fedha: kisipogeuka cheusi, uyoga ni salama. Jirani akashauri kuku aonjeshwe kwanza. Imani hizi zimewaponza wengi. Kijiko hakitambui sumu, na kuchemsha hakuiondoi. Uyoga uuao zaidi hukaa tumboni saa 6 hata 12 kabla mtu hajaanza kutapika, na hapo sumu imeshalifikia ini.

Wifi, machozi yakimlengalenga, akampigia simu mamake Iringa. Mama yule akauliza jambo moja tu:

"Mmeuokota chini ya mti gani?"

"Mkanju, Mama."

"Mwaga!"

Wisoli, ambao wataalamu huuita Clavulina wisoli, huishi na mizizi ya miti ya miombo: mti huupa sukari, nao huusaidia mti kupata maji na madini. Mkanju hauna ushirika huo. Kilichoota kwetu kilikuwa kingine chenye umbo lilelile, na miongoni mwa uyoga wa matawi umo unaoharisha vibaya. Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi, walioandika kitabu cha uyoga wa Tanzania mwaka 2003, walijifunza mengi kwa wanavijiji. Nami nawaelewa. Ujuzi wa uyoga ni wa msitu wake. Ukihama msitu, anza upya kwa kumuuliza mwenyeji.

Mama alifukia ule uyoga shimoni, tui likaenda kwenye mchicha, tukala sima. Wifi alikula kidogo, kimya. Mama akamsogezea bakuli.

"Ukitoka uyoga wa kichuguu nitakuita twende sote, mwanangu. Huo naujua."