Shangazi wa Dadu: Chui wa Mwenzangu Anakula Zamu Yangu

*Kwako shangazi. Tuko watano, wachezaji wa mchezo wa hadithi na dadu, na hukutana Jumapili jioni nyuma ya kibanda cha viatu hapa Soko la Toi, wateja wakishapungua. Mimi ni mpiganaji wa upanga na ngao. Tangu mwenzetu, mganga wa msituni, apate chui wa kichawi, sina kazi ila kushika mwenge. Chui anararua, bwana wake anaroga, na zamu yangu ikifika adui keshakufa. Nihame kikundi?*
*Upanga Baridi, Kibera*

Usihame, mwanangu. Kwanza nikuondolee dhana moja ambayo naona imewashika hata wenzako, kwamba shida ni meno ya chui. Meno hayo yangepunguzwa nusu, mwezi ujao ungeniandikia tena, kwa sababu kinachokuumiza ni hesabu ya zamu. Tazama hapo hapo sokoni asubuhi mtumba unapofunguliwa. Mwenye mzigo anakata kamba, plastiki inapasuka, na kabla nguo hazijagusa turubai mikono imeshaingia. Aliyekuja peke yake, hata awe na pesa mfuko mzima, anapata alichobahatika kukigusa. Aliyekuja na vijana wawili wa kumshikia anaondoka na kamera zote, yaani nguo za daraja la kwanza, na waliobaki wanagombania fagia, yaani masalio. Vita vya mezani navyo ni vivyo hivyo. Mko watano, kila mtu ana zamu moja katika mzunguko, kwa hiyo fungu lako ni moja kwa tano. Chui akipewa zamu yake kamili, zamu zinakuwa sita na bwana wake anashika mbili, yaani thuluthi nzima ya vita. Hapo sijagusa muda: zamu mbili ni kurusha dadu mara mbili, kujumlisha mara mbili na kuulizana "chui yuko wapi sasa?" mara mbili, huku wewe unahesabu viatu vya watu.

Kidonda hiki ni cha zamani. Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na uliozaa michezo mingi ya aina hii, umekiugua zaidi ya mara moja. Katika toleo lake la 3.5, la mwaka 2003, mganga wa msituni alianza daraja la kwanza akiwa na mnyama mwandani, mbwamwitu kwa mfano, na mnyama huyo aliongezeka nguvu kadiri bwana wake alivyopanda. Wachezaji walipiga hesabu upesi: mpiganaji aliyekulia kwenye upanga alikuwa akishindana na mnyama wa mtu, na mtu mwenyewe bado hajafungua mkoba wa dawa. Mwaka 2014 likaja toleo ambalo uganga mmoja uliweza kuita wanyama wanane kwa mpigo. Wanane! Lilipoandikwa upya mwaka 2024, wanyama hao wakageuzwa kundi moja la mizimu linalosogea pamoja. Angalia walichokata waandishi. Kundi linauma vizuri tu. Kilichopotea ni zamu nane. Ndiyo sababu nakwambia meno hayana hatia.

*Kwako shangazi. Mimi ndiye mwenye chui. Mwendesha mchezo wetu amesikia kilio cha watu na kuamua kwamba chui hatashambulia mpaka niache shambulio langu mwenyewe. Sasa akipigana yeye, mimi nasimama kama mlingoti; nikipigana mimi, yeye analamba manyoya. Nimebaki na paka wa bei ghali.*
*Bwana Chui, Kawangware*

Pole. Mwendesha mchezo wenu amefuata hoja yangu mpaka ikamtumbukiza mtaroni, na hayuko peke yake. Toleo lile lile la 2014 lilimpa mwindaji mnyama kwa sharti hilo hilo: ukimwamuru aume, umetumia tendo lako. Hesabu ya zamu ilikaa sawa kabisa, na wachezaji wakaichukia kwa miaka. Mtu aliyechagua kuwa na mnyama alijikuta hana alichoongeza mezani, ila kuchagua nani kati yao wawili apumzike. Novemba 2020, katika kitabu cha nyongeza cha mchezo huo chenye jina la Tasha, ikaletwa njia ya kati: amri kwa mnyama hugharimu tendo dogo la ziada, ambalo bwana wake angeweza kulitumia kwa jambo jingine. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, katika toleo lake la pili la mwaka 2019, ilikwisha kufika karibu na hapo kwa njia nyingine. Kila mchezaji ana matendo matatu kwa zamu. Akitoa moja, mnyama hupata mawili. Kwa hiyo faida ipo, lakini unaonekana ukiilipia.

Hata hivyo kununua zamu kwa bei nzuri ni nusu tu ya dawa, na nusu ya pili waandishi wa michezo hawaipendi kwa sababu haiandikiki kwa tarakimu. Mnyama afanye kazi ambayo hakuna mtu mezani anayeiweza, halafu aikomeshe mahali ambapo mtu lazima aipokee. Mifano tunayo huku kwetu, na haina uchawi ndani yake. Yupo ndege anayewaongoza warina asali kwenye mizinga ya nyuki wa porini, na Waborana wa kaskazini mwa Kenya wanajua kumwita na kumfuata. Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer walipima jambo hilo na kulichapisha mwaka 1989: katika maeneo wasiyoyazoea, warina asali wasio na ndege walitafuta mzinga kwa wastani wa saa 8.9, na wenye ndege kwa saa 3.2. Faida ni kubwa kuliko ya chui wako. Lakini ndege anaona mti wenye nyuki na hawezi kuufungua. Anakaa tawini akilia mpaka mtu alete moto na shoka, kisha analipwa nta na mabuu. Hakuna mrina asali aliyewahi kulalamika kwamba ndege amemnyang'anya kazi.

Au chukua panya buku wanaofunzwa Morogoro na shirika la APOPO, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Maarufu kuliko wote ni Magawa, aliyenusa mabomu ya ardhini na mabaki ya vita zaidi ya 100 huko Kambodia, akapewa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020, na kufa Januari 2022. Panya kama yeye hukagua eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa kama nusu saa; mtu mwenye kifaa cha kunasa chuma anaweza kuhitaji hadi siku nne. Kwa lugha ya dadu huyo ni mnyama aliyevuka mipaka yote. Akifika penye bomu anakwaruza udongo, anapewa ndizi, na kazi yake imeisha, kwa sababu kulitegua ni kwa binadamu.

Najua utakachosema: shangazi, ndege na panya hawapigani, na mimi nilitaka chui. Ni haki yako. Basi mfikirie mbwa wa kuwinda, ambaye kwa kawaida humfukuza swala na kumzunguka mpaka asimame, kisha mshale ukafanya kazi yake. Chui wako aruke, amshike adui miguu, amwangushe. Na aliyeanguka awe rahisi kupigwa na yeyote aliye karibu. Mbwamwitu wa toleo la 2014 alikuwa na uwezo wa kuangusha hivyo, nao ulikuwa bora kuliko kuuma kwake. Sasa nani amesimama karibu na adui huyo, ana upanga na hasira za wiki tatu? Upanga Baridi. Ataanza kukuuliza chui wako yuko wapi kabla hata hujaketi.

*Kwako shangazi. Mimi ndiye ninayeendesha mchezo huo. Nimechoka na mizani zenu. Huu ni uchawi, si duka la jumla, na uchawi hauna hesabu. Chui akizidi, nitamshushia radi, basi.*
*Mwenye Meza, Toi*

Mwanangu, uchawi ndio wenye hesabu kali kuliko duka. Sijasikia hekaya ya jini wa biashara asiye na masharti. Mara anataka marashi, mara hataki fulani aingie nyumbani, na siku deni linapodaiwa linadaiwa lote. Msimuliaji akiondoa masharti hana hadithi tena, ana tangazo tu la mtu aliyetajirika. Hapo uchawi wenyewe unakupinga.

Kuhusu radi, adhabu kali ya namna hiyo ilijaribiwa. Katika toleo la tatu la Dungeons & Dragons, mchawi aliyefiwa na mnyama wake mdogo wa kichawi aliweza kupoteza pointi 200 za uzoefu kwa kila daraja alilonalo, na asipate mwingine mpaka upite mwaka na siku moja. Adhabu ilikuwa nzito mno, kwa hiyo mwenye akili alimwacha paka nyumbani au akamficha mkobani hadithi nzima. Mnyama akawa mzigo wa kulindwa, na meza ikakosa kile ilichokitaka tangu mwanzo. Gharama kubwa isiyokuja ila kwa nadra humfanya mtu awe mwoga. Ndogo inayokuja kila siku huzoeleka, kama kodi ya kibanda. Kitabu cha Tasha kilifanya hivyo: mnyama akifa, ndani ya saa moja bwana wake anaweza kumrudisha kwa kutoa nafasi moja ya uganga. Inauma kidogo, mchezo unaendelea.

Kwa chui wa Kawangware andika hivi, na uwasomee wote kabla ya kurusha dadu. Kutembea kwake ni bure. Kushambulia kunamgharimu bwana wake tendo dogo, na shambulio linaangusha kwanza, kuua ni kwa bahati. Anarusha dadu katika zamu ya bwana wake, hana yake. Kila usiku anakula nyama ya kumtosha mtu mmoja kutoka akiba ya safari, na akilala njaa, kesho hasikii amri. Kipengele hicho cha mwisho kitakuletea visa kuliko majitu yote uliyoyapanga.

*Kwako shangazi. Wenzangu wana chui na mwewe. Mimi nina pesa za kuku tu. Je, kuku anafaa?*
*Mchuuzi wa Mayai, Kibera*

Jogoo, lakini. Alale na nyinyi kambini, na alfajiri asiweze kunyamazishwa: hakuna adui atakayewavamia mkiwa usingizini saa hiyo, na hakuna siri mtakayoifanya saa hiyo pia. Chui asimguse.