Barua ya Wazi kwa Kamati ya Miongozo ya Tiba ya VVU

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Miongozo ya Tiba ya VVU,
popote inapokutania.

YAH: PONGEZI KWA ADABU ZA KAMATI

Kamati inastahili pongezi, kwa kuwa mwongozo wake humkagua mtu anayeishi na VVU kuanzia ulimi hadi ini, ukamhesabia chembe za CD4 na wingi wa virusi katika damu, bila hata mara moja kuifikia njia ya haja kubwa, ambako heshima ya kikao, inavyoonekana, hairuhusu hata maradhi kutajwa.

Kwa bahati mbaya, kirusi cha papiloma cha binadamu, kijulikanacho zaidi kwa herufi HPV, hakijapata nakala ya mwongozo huo. Kirusi hiki, ambacho aina zake za 6 na 11 huotesha masundosundo ilhali aina ya 16 huongoza katika kuleta saratani, huishi katika ngozi na utando laini wa sehemu za siri bila kubagua mbele na nyuma, na takriban saratani tisa kati ya kumi za njia ya haja kubwa hutokana nacho. Kinga iliyo timamu mara nyingi hukifukuza. Iliyodhoofishwa na VVU hukiacha kikae miaka mingi, na dawa za kufubaza VVU hupunguza hatari hiyo bila kuiondoa.

Busara ya Kamati hung'aa zaidi kwa wanawake. Mwanamke afikapo kliniki ya tiba na matunzo hupakwa asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi ili seli zilizoanza kugeuka zionekane nyeupe, kisha huruhusiwa kwenda nyumbani, ingawa asidi hiyohiyo, chini ya lenzi inayokuza, ingeonyesha mabadiliko yaleyale sentimita chache tu nyuma yake. Ikiwa Kamati inaamini kwamba huu ni ugonjwa wa wanaume wanaojamiiana na wanaume, ambao kweli ndio walio hatarini zaidi (na ambao vikao vingi huona nafuu kudhani hawapo), basi ijulishwe kwamba HPV huweza kufika huko pasipo tendo lolote la nyuma, na kwamba aliyewahi kutibiwa mlango wa kizazi yumo hatarini pia.

Wamarekani, watu wasio na haya, walichunguza waziwazi. Utafiti wao uitwao ANCHOR, uliotangazwa mwaka 2022, uliwafuatilia watu 4,446 wenye VVU, wa umri wa miaka 35 na kuendelea, ambao tayari walikuwa na mabadiliko makali ya seli yanayotangulia saratani: waliotibiwa, wengi wao kwa kuunguzwa sehemu iliyoathirika, walipata saratani 9, na walioangaliwa tu walipata 21, yaani tiba ilipunguza hatari kwa asilimia 57. Inakubalika kwamba lenzi hizo na wataalamu wake ni adimu Afrika Mashariki. Hata hivyo, kidole kilichovaa glavu na kupakwa mafuta, ambacho hugundua uvimbe ungali mdogo, si adimu hata katika zahanati isiyo na umeme. Kilicho adimu ni ruhusa ya kukitumia.

Hadi ruhusa hiyo itoke, mgonjwa anayetokwa damu chooni huambiwa ana bawasiri, akapewa dawa ya kupaka, akarudi, akapewa nyingine, mpaka uvimbe ujitangaze wenyewe. Chanjo ya HPV, ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019, haiwezi kumwokoa, kwa sababu huzuia maambukizi mapya wala haitibu yaliyokwisha kuingia.

Kamati inaombwa basi, ikipata nafasi baina ya chai na posho, iongeze katika toleo lijalo maneno matano, "mchunguze njia ya haja kubwa", na iagize kwamba kila uvimbe utakaopatikana ukatwe kipande kidogo na kipelekwe maabara kabla mgonjwa hajapewa mrija mwingine wa dawa ya bawasiri.