Sifa za Uvimbe

Mfupa ukivunjika hupewa heshima zake zote. Hupigwa picha, huwekewa bamba la chuma na skrubu, hufungwa hogo, husomewa dua, na supu ya kongoro hupikwa kwa ajili yake. Uvimbe unaobaki baada ya hapo hauna wa kuutaja kwa wema. Naona ni dhuluma, maana katika wote walioshughulika na kifundo changu cha mkono tangu nilipoteleza bafuni nikaangukia kiganja, ni huo pekee ambao haujanitupa.

Daktari alinipa kisogo mapema. Alitazama picha, akasema mfupa umeunga vizuri, akamwita mgonjwa mwingine. Pole nazo zikakatika siku hogo lilipotolewa. Mwenye hogo hupishwa kiti kwenye daladala. Aliyefunguliwa huambiwa na konda asogee nyuma, kuna nafasi. Ningemwonyesha nini? Bamba limo ndani ya nyama. Lakini uvimbe uko hadharani, unang'aa, umejaa mgongo wa mkono hadi vifundo vya vidole vimezama, na ukiubonyeza kwa dole gumba linabaki shimo ambalo hujaa taratibu huku mwenye shaka akitazama. Hakuna cheti cha hospitali chenye nguvu hiyo.

Wahenga waliagiza mgeni siku ya tatu apewe jembe. Huyu wangu kanipokonya mimi la kwangu. Sisongi ugali, sikamui nguo, sikuni nazi. Mume wangu, ambaye miaka yote ya ndoa hakujua tui linatoka wapi, sasa anakaa juu ya mbuzi magoti yakimkaribia kidevu, anakuna kwa hasira mpaka anafika kwenye kifuu, na tui letu limekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nakula kimya. Mke mwenye adabu hakosoi.

Tena uvimbe una nasaba. Mkono ulioumizwa mara mbili, kwanza kwa kuanguka kisha kwa kisu, hupelekewa maji na chembe nyeupe za damu kwa ajili ya ukarabati, na njia nyembamba za limfu zinazopaswa kuyarudisha maji hayo nazo zimejeruhiwa. Ngozi ya mgongo wa mkono ni legevu kuliko ya kiganja, basi maji hujikusanya pale. Vidole visipocheza na kuyasukuma, yanaweza kukaa miezi. Abraham Colles, mpasuaji wa Dublin, aliueleza mvunjiko wa aina hii mwaka 1814, miaka 81 kabla Röntgen hajagundua eksirei, kwa macho na vidole tu. Faraja aliyoitoa ni kwamba mkono utakuja kuwa huru tena, bila maumivu, siku fulani ya mbali. Nampenda mtu asiyeweka tarehe. Daktari wangu aliniambia wiki chache.

Dawa ni kuuinua mkono juu ya usawa wa moyo, kukunja ngumi, kufungua, kukunja tena. Nimetii kila mahali. Kwenye kikao cha kikoba mwenyekiti aliuona mkono juu akanipa nafasi ya kuchangia, na kwa kuwa sikuwa na hoja nikamsifu mweka hazina. Mkono ukabaki juu, nikahesabiwa miongoni mwa walioafiki riba ipande. Walipofika kwenye uchaguzi wa katibu nilikuwa kwenye zamu ya ngumi. Hakuna aliyesimama kugombea nami.

Nisiwapotoshe lakini. Ninaousifu ni uvimbe mpole, unaopanda jioni na kushuka asubuhi. Una ndugu yake mhuni, anayekuja ghafla na joto, wekundu, homa, usaha kwenye mshono, au ganzi ya vidole na maumivu yasiyotulia. Huyo hasifiwi. Akibisha hodi, ni hospitali usiku huohuo.

Wangu hauna makuu. Umenirudishia mkono wa ujana, usio na mkunjo hata mmoja, na katika mwaka huu wa bei kupanda ndiyo sehemu pekee ya mwili wangu iliyonenepa. Anayeutakia mabaya ni mmoja tu. Kila asubuhi, kabla ya chai, mume wangu huja na dole gumba lake, anabonyeza, anahesabu kwa sauti mpaka shimo lijae, kisha anapeleka matokeo kwa dada zake kwa simu.

"Mama Salma, naona unakwisha huu," alisema jana, kwa furaha ambayo sikuiona hata Salma alipofaulu mtihani.

Nikamwambia mambo ya mwili hayana haraka, na kwamba Jumapili tuna wageni, nimeshawaahidi wali wa nazi.